Mbuni wa porini na sange

Kijana mmoja aliniuliza: mbuni utatowekaje na mimi nina miche 2,000? Swali zuri. Arabika ya porini, Ethiopia na Sudan Kusini, iko hatarini kama sange wa msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi, yule mwenye pua ndefu na matako ya dhahabu. Wote wanaponzwa na ukataji wa misitu.

Sange huzaa mtoto mmoja mmoja na hulala kwenye kiota cha majani makavu. Msitu ukiisha, naye basi.

Mbuni unatudanganya kwa kujaa mashambani. Ila miche yetu ni ndugu wa karibu mno. Chulebuni ikiingia, shamba zima linaugua. Sehemu ya ukinzani wa Ruiru 11 ilitoka Rume Sudan, kahawa ya nyanda za Boma. Na mbegu ya kahawa haikai ghalani miaka mingi, lazima miti yenyewe iwe hai.