Yai Lililomrudisha Mamba

Mwaka 1971, uwindaji wa mamba wa maji chumvi ulipopigwa marufuku Northern Territory, kaskazini mwa Australia, walikuwa wamesalia takriban 3,000 tu. Kwa robo karne baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wawindaji walipanda mito usiku kwa mashua, wakimulika kwa taa kali. Macho ya mamba hung'aa mekundu gizani, na aliyeonekana hakupona. Ngozi zilisafirishwa ng'ambo zikashonwe mikoba na viatu. Leo mamba wa huko wanakadiriwa kupita 100,000. Wanyama wakubwa waliowahi kurudi kwa kishindo namna hiyo ni wachache, na huyu aliyerudi hula watu. Kisa chake kinastahili kujulikana kuliko kinavyojulikana.

Hakuna mtambaazi aliye hai anayemzidi ukubwa. Dume aliyekomaa sana hufikia mita 6 na uzito wa tani moja. Lolong, aliyenaswa Bunawan, Ufilipino, Septemba 2011, alipimwa mita 6.17 na kilo 1,075. Jike ni mdogo zaidi, mara nyingi haongezeki sana baada ya mita 3. Wanapatikana kuanzia pwani ya mashariki ya India na Sri Lanka, kupita visiwa vya Indonesia na Papua, hadi Visiwa vya Solomon.

Bahari haimzuii. Mwaka 1981 wanasayansi Laurence Taplin na Gordon Grigg walieleza kuwa ulimi wake una tezi zinazotoa chumvi iliyozidi mwilini. Mamba wa Mto Nile, huyu tunayemwogopa Rufiji na Tana, naye anazo tezi hizo, lakini si msafiri wa bahari wa kiwango hiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulifuatilia mamba wa Mto Kennedy, Queensland, kwa vifaa vya kurusha mawimbi. Ulionesha kwamba wakitaka kwenda mbali hawapotezi nguvu: kama nahodha wa ngalawa, husubiri maji yageuke. Mkondo ukiwapinga hupanda ukingoni au huzama chini wakatulia. Kwa njia hiyo dume mmoja alisafiri kilomita 590 kwa siku 25.

Lakini mnyama huyu mwenye nguvu zote hizo ana udhaifu mkubwa katika yai. Msimu wa mvua, jike hujenga tuta la nyasi na matope kandokando ya kinamasi na kutaga mayai kama 50. Joto la ndani ya tuta ndilo huamua jinsia: likikaribia nyuzi 32 hutoka madume wengi, likishuka au kupanda kutoka hapo majike huongezeka. Kisha mafuriko huja, na viota vingi huzama pamoja na mayai yake. Katika mayai yanayonusurika, watoto hulia wakiwa bado ndani ya ganda. Mama husikia, hufukua, huwabeba mdomoni hadi majini. Hata hivyo wengi wao huliwa wakingali wadogo, na kwa wastani hata mmoja kati ya mia hafikii kukomaa.

Hapo ndipo mtafiti wa mamba Grahame Webb na wenzake walipoona mlango. Ikiwa mayai mengi yataangamia kwa maji kwa vyovyote vile, kuchukua sehemu yake hakupunguzi idadi ya mamba mtoni. Mwaka 1985 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, ukailegezea Australia masharti, biashara ya ngozi kutoka mashamba ya mamba ikaruhusiwa chini ya uangalizi, na mayai ya porini yakawa na bei. Sehemu ya bei hiyo humfikia mwenye ardhi, na katika Arnhem Land, eneo la Northern Territory, wenye ardhi ni Waaborijini. Kwa ukoo wa Gumatj wa watu wa Yolngu, mamba, wanayemwita Bäru, ni mhenga wao.

Kazi yenyewe ni ya hatari. Mkusanyaji hushushwa kwa helikopta, mwenzake akisimama na gongo refu kati yake na mama mwenye kiota. Tuta hufukuliwa kwa mikono, taratibu. Kila yai hutiwa alama ya penseli upande wa juu kabla halijainuliwa, maana ndani ya siku moja tangu kutagwa kiinitete hujishikiza ndani ya ganda upande wa juu, na yai likigeuzwa hufa. Yai lenye uhai huwa na utepe mweupe katikati, nao hupanuka siku hadi siku. Mzoefu akiutazama hukadiria umri wa kiota.

Wapo wanaochukizwa na mnyama wa porini kugeuzwa mkoba, na nawaelewa. Lakini mwenye kinamasi anayelipwa kwa mayai ana sababu ya kuwafukuza nguruwe na nyati wageni wanaovuruga mahali pa kutagia. Bila malipo hayo, jirani wa mamba hubakiwa na hasara peke yake. Mwaka 2014 mamba waliua watu wanne Northern Territory. Katika bandari ya Darwin askari wa wanyamapori hunasa mamba kwa mamia kila mwaka, wengi wakiwa madume vijana waliofukuzwa mitoni na wakubwa wao. Kuwahifadhi huko kumemaanisha pia kutega mitego, kuweka mabango na kuwafundisha watoto wa shule wasikaribie ukingo wa maji. Thailand na Vietnam hazina tena mzigo huo: mamba wa maji chumvi wa porini wametoweka huko, na kuwarudisha kutakuwa kazi ngumu kuliko kukubaliana kuishi nao.