Maneno ya Chini ya Picha

Picha nyingi mlizotuletea kwa albamu yetu ya intaneti zina neno moja tu: "Shamba". Shamba la nani, la wapi, la mwaka gani?

Tutazame Bariadi, nchi ya pamba huko bara. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi ilikuwa Mkoa wa Shinyanga. Picha ya mwaka 1995 ikiandikwa "Shinyanga" peke yake, anayetafuta Simiyu haioni. Iandikwe: "Bariadi, 1995, wakati huo Mkoa wa Shinyanga, sasa Simiyu." Nasi vivyo hivyo: karafuu za Pemba zikiandikwa "Zanzibar" tu, mgeni hudhani ni za Unguja.

Simu hutia tarehe ndani ya picha, lakini picha ikipitishwa WhatsApp kwa njia ya kawaida tarehe hiyo hufutika. Itumeni kama faili. Kisha fungueni mahali pa maelezo, mfute namba iliyojiandika yenyewe, mtie majina, mahali, mwaka na mpigaji.

Tunayo picha ya wazee watatu wakianika karafuu majamvini. Hatumjui hata mmoja. Anayewatambua tafadhali afike ofisini.