Maharage Yanaanza Kupikwa Usiku

Sogeeni, wanangu, kila mmoja ashike upande wake wa sinia. Leo tunachambua nusu kilo ya maharage, na mikono ikiwa na kazi masikio hubaki huru kusikiliza. Mawe wekeni kando. Yaliyotobolewa na wadudu wekeni kando pia.

Mimi nilikulia Tanga. Mama yetu alikuwa muuguzi, wiki hii zamu ya asubuhi, wiki ijayo ya usiku. Baba alikuwa akirudi kutoka kazini jua limeshazama. Watoto tulikuwa watano, jiko la mkaa moja. Majirani walikuwa wakimuuliza mama anapata wapi muda wa kupika, maana kila jioni kwetu kulinukia nazi. Jibu lake lilikuwa moja: "Mimi jioni sipiki. Jioni napakua."

Nilikuja kumwelewa nilipoanza kuangalia bakuli lililokuwa likilala juu ya kabati. Usiku, kabla hatujaenda kulala, mama alikuwa akiosha maharage, anayatia maji mengi, mara tatu ya maharage yenyewe, kisha anafunika. Siku moja nilikaa nikayachungulia. Kwanza ganda lilijikunja makunyanzi, kama vidole vya mtu aliyekaa baharini muda mrefu. Nikamwita mama nikidhani yameharibika. Akanionyesha lile jicho dogo jeupe kwenye tumbo la kila punje, akasema huo ndio mlango wake, maji huanzia hapo. Ganda hulowa maji mapema na kutanuka, moyo bado mkavu, ndiyo maana linakunjamana. Asubuhi nilikuta makunyanzi yameisha, kila punje imejaa na bakuli limejaa. Maharage yaliyolowekwa vizuri huwa na uzito karibu mara mbili ya yalivyokuwa makavu. Usiku kucha yalikuwa yakifanya kazi, na sisi tumelala.

Saa 12 asubuhi chai ikishaiva, moto ule ule ulipokea sufuria ya maharage. Maji ya kulowekea yanamwagwa, yanatiwa mapya. Hapa nisikilizeni vizuri sana, hata wewe uliyeshika mawe mkononi. Maharage mekundu mabichi yana sumu yake ya asili. Ukila machache tu ambayo hayajaiva, utatapika na tumbo litakusokota siku hiyo hiyo. Maji ya uvuguvugu hayaiwezi sumu hiyo. Inataka maji yachemke kwa nguvu, mapovu yakipanda, dakika 10 kwa uchache. Mama alikuwa akiyaacha yachemke nusu saa nzima, sisi tukioga na kutafuta viatu.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo mpaka leo nalipenda kuliko yote. Aliifunika sufuria ikiwa bado inatokota, akaizungushia khanga kuukuu, akaitumbukiza ndani ya kikapu kikubwa cha ukili kilichojaa vipande vya blanketi, na juu akakandamiza mto. Mkaa uliobaki akauzima. Halafu wote tukaondoka, nyumba ikabaki na kikapu. Mnadhani blanketi lina moto? Halina. Usiku linapokufunika wewe, joto ni lako mwenyewe, blanketi linalizuia tu lisitoroke. Na joto la sufuria lilizuiwa hivyo hivyo. Tuliporudi kutoka shule alasiri, mvuke ulitupiga usoni, na maharage yalikuwa yakibonyea kwa vidole.

Siku moja dada yangu na mimi tulitaka kumpumzisha mama. Asubuhi, kabla sufuria haijaingia kikapuni, tulikatia nyanya tano ndani yake na kukamulia ndimu. Tulijiona watu wazima. Jioni maharage yalipopakuliwa yalilia kwenye sahani kama kokoto. Tuliyarudisha motoni, tukapepea, mkaa ukaisha, nayo magumu vile vile. Mama hakutufokea. Alichukua punje moja, akaipasua kwa kucha, akatuambia ndani ya harage kuna kitu kama gundi kinachoshika chembe zake pamoja. Maji ya moto huilainisha gundi hiyo polepole, lakini uchachu wa nyanya na ndimu huifanya ing'ang'anie. Kwa hiyo nyanya hungoja maharage yaive kwanza. Magadi hufanya kinyume, huilegeza haraka, na wako wanaoyatia ili kuokoa mkaa. Mama hakuyapenda kwa sababu yanapunguza vitamini. Usiku ule tulikula mkate na chai.

Kazi ya jioni ilikuwa nazi. Mmoja anakaa juu ya mbuzi, anaikuna nazi kwa kuizungusha, na anaacha akianza kuona ganda la kahawia, maana likiingia tui linapoteza weupe. Tui la kwanza, zito, linawekwa kando. Machicha yanatiwa maji tena, yanakamuliwa, na hilo jepesi ndilo linalotangulia sufuriani pamoja na kitunguu na nyanya. Zito linaingia mwisho. Tangu linapoingia mpaka linapochemka, mwiko usisimame. Tui ni matone madogo mno ya mafuta yanayoelea ndani ya maji. Ukiliacha lichemke bila kukoroga, matone yanakimbiliana, mafuta yanapanda juu na chini panabaki mabonge. Hapo tunasema tui limekatika. Linalika, ila ule ulaini hauupati tena.

Shangazi yetu aliolewa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, na mwanzoni alilalamika kwamba maharage ya kule hayaivi. Maharage hayakuwa na kosa. Sisi Tanga tuko usawa wa bahari, maji yanachemka yakifika nyuzi 100. Kule juu hewa inayokandamiza maji ni nyepesi, yanachemka yakiwa kwenye nyuzi 93 au 94 tu, na hata uongeze mkaa kiasi gani hayapandi zaidi ya hapo maadamu sufuria ni ya kawaida. Yanatokota sana huku joto lake ni dogo. Shangazi akajifunza kuyapa muda mrefu zaidi motoni.

Haya, sinia limekuwa safi. Mleteeni mdogo wenu bakuli, leo ni zamu yake. Mimina maji, mwanangu, usiogope, ongeza, ongeza tena. Sasa lifunike ulipandishe juu ya kabati, na kesho ukiamka uje utazame kabla hujapiga hata mswaki.