Hema la Familia: Jinsi ya Kulichagua kwa Safari za Meru na za Pwani

Shule zikifungwa, watoto wengi wa Arusha huwaomba wazazi wao neno moja: walale nje, katika hema. Wengine wataka kwenda Momela watazame twiga, wengine ziwa Duluti, na wengine wataka safari ndefu ya Tanga au Pangani wakaoge baharini. Ombi hili ni jema. Mtoto aliyelala nje usiku mmoja pamoja na baba na mama yake hukumbuka usiku ule mpaka uzee wake. Walakini hema ni nyumba, ijapokuwa ni nyumba ya kitambaa, na mtu mwenye akili haingizi jamaa yake katika nyumba asiyoikagua.

Nayasema haya kwa kuwa niliyakosa mimi mwenyewe. Siku za Pasaka, mwezi wa Aprili, miaka michache iliyopita, nilinunua hema dukani. Nililipenda kwa rangi yake na kwa bei yake, nisiulize neno jingine. Tulilipiga katika shamba la ndugu yetu, juu ya Tengeru, tukiwa watu sita: mimi, mke wangu, mama yangu mzee, na watoto watatu. Usiku mvua ya masika ikaanza. Hema lile lilikuwa na kitambaa kimoja tu, na mishono yake haikuzibwa. Kabla ya saa sita blanketi zilikuwa zimelowa, na watoto wakatetemeka. Basi mke wangu, kwa huruma ya mama, akaliingiza ndani jiko la mkaa, nasi tukafunga mlango ili joto lisitoke. Tukaona raha.

Haukupita muda mrefu, mtoto wetu wa kwanza akasema kichwa chamwuma. Wa pili akatapika. Wa tatu, aliye mdogo, alikuwa amelala, nami nilipomwita hakuitika. Ni mama yangu aliyefahamu. Alipiga ukelele, “Fungueni! Mtoeni nje!” Tukamtoa mtoto katika mvua, na baada ya kuvuta hewa safi akafumbua macho akalia. Hata leo sijapata kusikia kilio kilichonifurahisha kama kile. Tulimpeleka hospitali usiku uleule, akapona. Tangu siku hiyo nimejifunza habari za mahema, nami nawapa ninyi niliyoyapata.

Neno la kwanza: moto usiingie hemani

Mkaa unapoungua hutoa hewa yenye sumu, iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haichomi macho kama moshi. Mtu akiivuta, huishika damu mahali pa ile hewa njema ya uhai, na mwili hukosa hewa ijapokuwa pua zavuta. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, na usingizi mzito. Wengi hufa usingizini pasipo kujua kuwa wamo hatarini. Jiko linaloonekana kuwa limezimika, lenye makaa mekundu machache chini ya majivu, laweza kuua vilevile. Basi jiko la mkaa, jiko la mafuta na jiko la gesi yote yakae nje, mbali na mlango, mchana na usiku. Mkiona dalili hizo, mtoeni mgonjwa nje mara moja, kisha mpelekeni hospitali.

Baridi hushindwa kwa njia nyingine, nayo huanzia chini. Watu wengi hujifunika blanketi tatu juu, na chini hawana ila mkeka. Ardhi huwanyonya joto usiku kucha. Tandikeni nyasi kavu au godoro la sponji kwanza, kisha mkeka, kisha blanketi. Mtoto avae soksi na kofia, naye abadilishe nguo alizovaa mchana, maana nguo yenye jasho ni baridi.

Neno la pili: mjue mahali mnapokwenda

Mji wa Arusha u juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,400, na kilele cha Meru kiasi cha mita 4,566. Kwa kawaida kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kiasi cha digrii 6. Miteremko ya kusini, ilipo Arusha na Tengeru, hupata mvua nyingi. Ile ya kaskazini, kama Oldonyo Sambu na Ngare Nanyuki, ni mikavu yenye upepo na vumbi. Masika huanza Machi hata Mei, na vuli huja Novemba na Desemba. Miezi ya Juni na Julai mvua ni haba, lakini baridi ni kali na ukungu hushuka asubuhi. Basi hema litoshalo Ngare Nanyuki mwezi wa Septemba huenda lisitoshe Tengeru mwezi wa Aprili.

Wengine huuliza, “Je, tununue hema la kupandia Meru?” Hapana haja. Wapandao kwa njia ya Momela hulala katika nyumba zilizojengwa: Miriakamba, kiasi cha mita 2,500, na Saddle, kiasi cha mita 3,570. Tena huenda pamoja na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati na tembo. Hema ni la wale walalao chini, katika viwanja vilivyowekwa kwa kazi hiyo. Hifadhi ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960, ina viwanja vya namna hiyo, lakini lazima kulipa na kupata ruhusa, wala mtu asipige hema penye njia ya wanyama. Chakula kifungwe vizuri, maana nyani na tumbili wajua kufungua mfuko kuliko watoto wetu.

Neno la tatu: namna ya kulichagua hema

Ulizeni maneno matano kabla ya kutoa fedha.

La kwanza ni ukubwa. Hema lililoandikwa “watu 4” huwatosha watu wanne waliolala ubavu kwa ubavu, bila mzigo hata mmoja. Kila mtu ahitaji upana wa sentimita 60 na urefu wa mita 2. Jamaa ya watu wanne yafaa watafute hema la watu sita, au mawili madogo, moja la wazazi na watoto wadogo, na moja la watoto wakubwa.

La pili ni kitambaa. Turubai la pamba ni zito na imara, na ndani yake hamna joto sana mchana. Likilowa, nyuzi zake huvimba na kuziba matundu. Lakini msiliguse kwa ndani wakati wa mvua, maana maji hupenya pale palipoguswa. Tena likikunjwa bichi huoza. Nailoni na polista ni nyepesi na hukauka upesi, lakini jua kali huzilegeza mwaka hata mwaka. Mahema mengi ya siku hizi huandikwa tarakimu ya milimita, kama 1,500 au 3,000. Maana yake ni urefu wa maji yawezayo kusimama juu ya kitambaa kabla hayajapenya. Kwa mvua ya masika tafuteni 3,000 kwa paa, na sakafu iwe na tarakimu kubwa kuliko paa, maana magoti na viwiko huikandamiza juu ya ardhi yenye maji.

La tatu ni tabaka mbili. Hema jema lina chumba cha ndani chenye kuvuta hewa, na paa la nje lisilogusana nalo. Pumzi za watu hugeuka matone ya maji usiku. Penye kitambaa kimoja matone hayo huwadondokea walalao, nao hudhani kuwa hema lavuja. Paa la nje lishuke mpaka karibu na ardhi, na madirisha yawe na wavu wa kuzuia mbu.

La nne ni mishono na zipu. Mtume Paulo alikuwa fundi wa mahema, yeye na Akila na Prisila, na bila shaka walijua kuwa kazi ya fundi huonekana penye mshono. Geuzeni hema nje-ndani. Tazameni kama mishono imezibwa kwa utepe. Fungueni na kufunga kila zipu mara kumi. Zipu ikwamayo dukani itakatika porini.

La tano ni fito, kamba na vigingi. Fito za alumini hudumu kuliko zile za nyuzi za kioo, ambazo hupasuka na kuchoma vidole. Vigingi vyembamba vinavyouzwa pamoja na hema havifai katika udongo wetu wa Meru, ulio mwepesi kama majivu kwa kuwa ulitoka katika mlima wa moto. Chongeni vya mti mgumu, virefu kama mkono toka kiwiko hata kiganja, na juu ya kila kimoja wekeni jiwe.

Asiye na fedha za kununua asihuzunike. Arusha ni mji wa wageni wa mbuga na wapanda milima, na mahema mazuri hukodishwa kwa siku. Nayo turubai mbili zenye kamba imara, moja ya paa na moja ya sakafu, zatosha kwa kivuli cha mchana na kwa usiku wa kiangazi.

Neno la nne: kulijaribu na kulipiga

Msilifungue hema mara ya kwanza penye safari. Lipigeni uani kwenu, mwagieni ndoo kumi za maji juu ya paa, kisha ingieni ndani mtazame. Tone moja uani ni dimbwi porini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mfikapo safarini, kwanza mwombeni ruhusa mwenye ardhi. Kisha chagueni mahali palipoinuka kidogo. Msipige hema katika korongo kavu wala kando ya mto. Mito kama Themi hutoka juu mlimani, na mvua inyeshayo huko yaweza kuleta maji kwa ghafula mahali ambapo hamkuona hata wingu. Tazameni juu pia: tawi bovu huanguka usiku wa upepo. Mgongo wa hema uelekee upepo, na mlango uwe upande wa pili.

Neno la tano: pwani

Pwani mambo hugeuka. Huko adui si baridi, bali ni jua, maji na upepo. Mji wa Tanga na Pangani hupata upepo wa kusi tangu kama Aprili hata Septemba, na wa kaskazi tangu kama Desemba hata Machi. Basi ulizeni kwanza upepo watoka wapi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja bamvua, na tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Mtu wa bara huona mchanga mkavu saa ya jioni akafurahi, kumbe usiku bahari itakuwa mlangoni kwake. Tazameni mstari wa mwani na taka zilizoachwa na maji, mpande juu yake mbali, na zaidi ya hayo waulizeni wavuvi wa mahali pale. Wao ndio walimu wa jambo hili.

Msilale chini ya mnazi, maana nazi ikianguka haichagui kichwa. Kigingi hakishiki mchangani; jazeni mfuko mchanga, ufungeni kamba ya hema, mkauzike chini kiasi cha nusu mita. Mchana msiwaweke watoto hemani, maana huwa kama tanuru. Tungikeni turubai juu ya nguzo nne, pande zote wazi, upepo upite. Mrudipo, oshe­ni zipu na fito kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kwa kuwa chumvi hula chuma. Na popote mlipokuwa, msiliweke hema kabla halijakauka kabisa.

Kwa walimu waendao na wanafunzi naongeza haya: wavulana na wasichana wawe na mahema yao mbalimbali, kila hema na mkubwa wake mwenye tochi na filimbi, wahesabiwe jioni na alfajiri, tena mwalimu mwenyewe akague kila hema kabla ya kulala, ahakikishe kuwa hapana jiko ndani.

Lile hema langu la Tengeru sikulitupa. Nililikata, nalo sasa lafunika kuni zetu uani. Yule mtoto aliyekuwa mdogo sasa yu shuleni, naye kila tukisafiri ndiye azungukaye hema jioni, akitazama vigingi na kuuliza kwa sauti, “Baba, jiko liko wapi?” Nami humjibu, “Liko nje, mwanangu.” Ndipo tunapolala.