Mhusika Mgeni katika Siasa: Zaidi ya Orodha ya Sifa

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, swali kuhusu mhusika anayepinga ufisadi mara nyingi hujibiwa kwa orodha: ni jasiri, ni mzalendo, ni mwadilifu. Sifa hizo huenda zikawa sahihi, lakini hazielezi ufisadi wenyewe unavyofanya kazi. Ili kuliona hilo, tuangalie filamu mbili, kisha turejee kwenye fasihi yetu.

Ya kwanza ni Mr. Smith Goes to Washington, iliyoongozwa na Frank Capra nchini Marekani mwaka wa 1939. Jefferson Smith, kiongozi wa vijana asiyejua siasa, anateuliwa kujaza nafasi ya seneta aliyefariki. Wakubwa wanamdhania mjinga atakayefuata tu. Wanahabari nao wanamfanyia mzaha pindi anapowasili. Smith anapogundua kuwa mradi wa bwawa unanuiwa kumtajirisha bwanyenye Jim Taylor, anasingiziwa kuwa ndiye anayetaka kujinufaisha na ardhi hiyo. Tazama kinaya hicho! Anahutubia Seneti kwa takriban saa 24, lakini magazeti yaliyo mikononi mwa Taylor yanawalisha watu wa jimbo lake uongo. Watoto wanaosambaza kijigazeti cha kumtetea wanashambuliwa. Mwishowe telegramu zinaletwa kwa vikapu, zote za kumpinga yeye.

Ya pili ni Softie, filamu ya hali halisi ya Mkenya Sam Soko, iliyotoka mwaka wa 2020. Inamfuata Boniface Mwangi, mwanahabari aliyepiga picha za ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, anapowania ubunge wa Starehe, Nairobi, mwaka wa 2017. Anakataa kuhonga, ilhali baadhi ya wapiga kura wanamdai pesa waziwazi. Vitisho vinamlazimu mkewe, Njeri, kwenda Marekani na watoto. Mwangi anashindwa na mwanamuziki Charles Njagua, maarufu kama Jaguar.

Tofauti iko wapi? Umma wa Smith umedanganywa, ukweli haukuwafikia. Huko Starehe, mgombea mwenyewe anawafikia watu mlangoni, na bado wapo wanaouliza amewaletea nini. Isitoshe, Capra anasuluhisha mgogoro kwa Seneta Paine kukiri makosa yake. Katika Softie hakuna anayekiri.

Basi, mtahiniwa, ukikutana na mhusika kama Mwelusi anayempinga Mtemi Bokono katika Kifo Kisimani, jiulize: Nani ananufaika na hali ilivyo? Nani anadhibiti habari? Umma unashiriki vipi? Kisha toa sifa pamoja na ushahidi na athari yake. Kwa mfano: Smith ni mwepesi wa kuamini, anamtegemea Paine, rafiki wa marehemu babake, na ndiye anayemsaliti. Hoja kama hiyo ina uzito kuliko sifa tano zilizoachwa tupu.

Nawe mwalimu, usiliruke swali la tatu. Huku Makindu, misafara ya kampeni hupita barabara kuu ya Mombasa wanafunzi wakiitazama, na wengi wao watapiga kura muda mfupi baada ya kumaliza shule. Tukiwafunza kwamba mfisadi ni kiongozi peke yake, watajuaje kwamba noti ya mia mbili wanayonyooshewa dirishani ni sehemu ya kisa hichohicho?