Je, Wajua? Hobi ya Kiangazi Iko Mtini

Masika yamekwisha, matope yamekauka, na kila mtu anatangaza kuwa msimu huu ataanza jambo jipya: gitaa, kuogelea, mbio za alfajiri. Gitaa lina bei yake, bwawa lina kiingilio, na mbio zinadai magoti. Safu hii inapigia debe kutazama ndege. (Watu wa Pwani watasema Juni ni kipupwe, si kiangazi. Sawa, chukua sweta.)

Je, wajua kwamba Kenya na Tanzania kila moja ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, wakati dunia nzima ina zipatazo 11,000? Kuna watu wanaopanda ndege kutoka Ulaya kuja kutazama kile ambacho wewe unakipa mgongo ukinywa chai barazani. Hesabu hiyo isikutishe. Anza na kumi wa mtaani: kunguru, mwewe, tetere, shore, chozi, mnana, yangeyange, shomoro, kwarara na dudumizi. Ukiwajua hao, wa kumi na moja atajitambulisha mwenyewe, maana utaona mara moja kwamba huyu si mmoja wao.

Je, wajua kwamba rangi ndiyo ya kutazama mwisho? Wageni wa hobi hii wote hukimbilia rangi, nayo ni ndumilakuwili. Chozi dume hung'aa juani kama mafuta yaliyomwagika majini, akiingia kivulini anakuwa mweusi tii, na mkewe ana rangi ya vumbi tu. Anza na ukubwa, kisha mdomo. Mfupi mnene ni wa kuvunja mbegu, mwembamba uliopinda ni wa kunyonya maua, wenye kulabu ni wa kurarua nyama. Halafu tazama anafanya nini: anatembea au anarukaruka? Anatikisa mkia? Yuko peke yake au na kundi?

Je, wajua kwamba saa nzuri ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu? Ndege ameamka na njaa ya usiku kucha, na dume ana jirani wa kumwimbia kwamba eneo hili lina mwenyewe. Jua likipanda hujificha majanini, na mtu aliyetoka saa sita mchana hurudi akisema mtaa wake hauna ndege. Bara, kiangazi kina faida nyingine: vidimbwi vinapungua, miti mingi inapukutisha majani, kwa hiyo ndege hukusanyika penye maji na kuonekana bila taabu.

Je, wajua kwamba mnana dume hujenga nyumba kwanza, posa baadaye? Msimu wake ukifika, simama chini ya mnazi wenye viota umtazame. Anauma ukingo wa jani, anaruka, na uzito wake mwenyewe unachana ukanda mrefu wa kijani. Anafunga pete moja ya majani kwenye tawi, anasimama ndani yake, na kutoka hapo anasuka kuizunguka miguu yake, mdomo ukipitisha na kuvuta ukanda kama sindano. Nyumba ikiwa tayari, anajining'iniza mlangoni kichwa chini, anapiga mabawa na kupiga kelele. Jike anaingia, anavutavuta kuta kwa mdomo, anatoka. Akiondoka bila kurudi, dume anasubiri mwingine, lakini hawezi kusubiri sana, kwani kiota kikishakauka na kugeuka hudhurungi wateja hukoma. Hapo hukifumua mwenyewe, ukanda baada ya ukanda, na kuanza upya palepale. Sijaona tamthilia ya televisheni inayoshinda hiyo.

Je, wajua kwamba kunguru wa shingo ya kijivu anayekwapua samaki sokoni si mwenyeji? Aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 asaidie kusafisha taka. Yangeyange ni kinyume chake: alivuka Atlantiki kwa mabawa yake, na mwishoni mwa karne ya 19 akaanza kuonekana Amerika Kusini, ambako leo anafuata ng'ombe kama anavyowafuata huku.

Keremkerem wa Madagaska naye huingia Afrika Mashariki yapata Mei kukwepa baridi ya kwao. Mwanzo wa kiangazi ndio wakati wa kumtafuta, akiwa ametua kwenye waya akivizia nyuki.

Je, wajua kwamba kuna ndege aliyeingia katika sayansi kupitia jikoni? Mwaka 1991, kambini kwenye milima ya Udzungwa, watafiti waliona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemtambua. Walipofuatilia wakamkuta hai msituni: kwale ambaye hakuwamo katika kitabu chochote, na ambaye jamaa zake wa karibu walidhaniwa kuwa wako Asia. Alitangazwa rasmi mwaka 1994. Bila shaka wenyeji walikuwa wakimjua siku nyingi, mpaka ladha yake.

Je, wajua kwamba Pemba pekee ina aina nne zisizopatikana kwingine kokote duniani? Ninga wake, chozi wake, kinengenenge wake na bundi wake mdogo. Bundi huyo mtafute usiku katika msitu wa Ngezi, na ukiwa na babu anayeamini bundi ni nuksi, mwache nyumbani. Mimi nawatetea bundi kwa jumla: wengi wao hukamata panya, na huruka kimya kwa sababu kingo za manyoya yao zina nyuzinyuzi laini zinazozima sauti ya upepo.

Je, wajua kwamba mlembe humsikiliza binadamu? Ndege huyu humwongoza mrina asali hadi kwenye mzinga wa porini. Mtu huchukua asali, mlembe hula nta na majana. Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji humwita kwa mlio wa kutetemesha ulimi unaoishia na mguno. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi humpigia mluzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba mlembe wa kila upande huitikia zaidi wito wa watu wake kuliko wito wa kigeni. Ana roho mbaya lakini: hutaga katika viota vya ndege wengine, na kinda lake huanguliwa likiwa na kulabu mdomoni la kuwaulia watoto wa mwenye nyumba.

Je, wajua kwamba si lazima uanze peke yako? Jijini Nairobi, Fleur Ng'weno alianzisha mwaka 1971 matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, chini ya chama ambacho leo kinaitwa Nature Kenya, kilichopo tangu 1909. Kwa aliye mbali na wenzake kuna Merlin, programu ya simu ya bure kutoka Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Inakuuliza uko wapi, ndege ni mkubwa kiasi gani, ana rangi gani na anafanya nini, kisha inakuletea majina yanayoelekea. Pakua orodha ya nchi yako ukiwa na bando. Ukifika porini haitakudai intaneti.

Daftari la shule linatosha: tarehe, saa, mahali, ulichoona. Darubini isubiri. Phoebe Snetsinger, Mmarekani aliyekuwa mtu wa kwanza kuona zaidi ya aina 8,000, alinaswa na hobi hii mwaka 1965 kwa darubini ya rafiki. Ukifika wakati wa kununua, tafuta iliyoandikwa 8x42: inakuza mara 8, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42, kwa hiyo inaingiza mwanga wa kutosha hata alfajiri. Zinazokuza mara 20 ziache dukani, mkono ukitikisika kidogo tu ndege anatoweka.

Na usiielekeze kamwe kwenye kambi ya jeshi, hata kama juu ya ukuta wake ametua tai. Askari wa zamu atataka maelezo, na "nilikuwa nahesabu ndege" ni maelezo ambayo humchukua mtu muda mrefu sana kuaminiwa.