Mchoraji Mzoefu Anaporudi kwenye Mstari

Misingi ya uchoraji ni stadi chache ambazo mwanafunzi huanza nazo: mstari, mwanga na kivuli, uwiano, yaani ukubwa wa kitu ukilinganishwa na kingine, na kina, yaani namna ya kuonyesha umbali juu ya karatasi bapa. Kwa kuwa hufunzwa mapema, wengi huzihesabu kuwa ngazi isiyohitaji kukanyagwa mara ya pili. Lakini mkono uliofanya kazi ileile kwa miaka mingi hujenga mazoea, na mazoea humfanya mchoraji achore anachokijua badala ya anachokiona.

Mfano mzuri uko Muhumba, mojawapo ya rasi za Bukavu zinazoingia katika Ziwa Kivu. Wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hilo, hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti, na mchoraji aliyekwisha kuichora mara mia huweza kuirudia akiwa amefumba macho. Hapo ndipo kosa linapojificha, kwa maana mitumbwi yote hutoka na urefu mmoja, ingawa ule wa mbali huonekana mfupi, na vilima vya ng'ambo hupakwa kijani kilekile cha majani ya karibu, ilhali hewa ya ziwani huvififisha. Akiiweka rangi kando, akanyoosha penseli mbele ya jicho moja na kupima upana wa maji yaliyo kati ya mitumbwi, jicho hulazimika kuamua upya.

Hata mchoraji Vincent van Gogh, aliyejifunza kwa kunakili michoro ya mafunzo ya Charles Bargue kuanzia 1880, aliomba tena mazoezi ya makaa ya Bargue mwaka 1890, muda mfupi kabla ya kufa, alipokuwa amekwisha kuchora kazi nyingi zinazomtambulisha hadi leo.

Wapo hata hivyo wanaoogopa kwamba masomo huua ubunifu. Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyeanzisha karakana ya Le Hangar mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1946, hakutaka wachoraji wake waige mifano ya Ulaya. Ndipo Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga wakapata kila mmoja mtindo wake, Bela akipaka rangi kwa vidole na Mwenze akijenga picha kwa mistari mifupi inayofuatana. Hofu hiyo ina uzito kwa anayeanza, ambaye kanuni zaweza kummeza kabla hajajijua, lakini humpungukia mzoefu, kwa kuwa mtindo wake umekwisha kukomaa na kanuni kwake ni chombo cha kukagulia kazi.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama ni sehemu ya ndani ya chombo ambako maji yanayovuja hukusanyika: huko ndiko baharia hurudi kuona kama chombo kinavuja, kama mchoraji mzoefu anavyorudi kwenye misingi kuona kosa lilipojificha.